Kofia Iliyokombolewa kwa Winchi

Kijitabu nilikipata kwa muuza karanga karibu na soko la Morogoro, kikiwa kimebaki kurasa sita, nyingine zikiwa zimeshafungia karanga za watu. Kiligawiwa katika sherehe ambayo sikualikwa. Katika ukurasa wa mwisho imeandikwa kwamba winchi ya kushushia mboga kule Mgeta ilipatikana kutokana na hotuba yenye mvuto aliyoitoa Mkuu wa Msafara wetu katika mji wa Bergen, nchini Norwe.

Mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa msafara ule. Hotuba hiyo niliipiga chapa mwenyewe, kurasa ishirini na mbili, nami natamka kwamba haikuvuka ukurasa wa pili. Winchi ilipatikana kwa kofia. Kofia ilinyakuliwa, mchana kweupe na mbele ya mashahidi, na mwanamke ambaye kijitabu hakikumtaja hata kwa cheo.

Basi mimi nitamtaja kwa cheo. Sote tulimwita Bibi Mwenyekiti, kwa kuwa alikiongoza kikundi cha ujamaa cha wakulima wa mboga katika kijiji kimoja cha juu kabisa Mgeta, pale ambapo ukiangusha kiazi huna haja ya kukifuata. Mwaka wa kuzaliwa kwake hakuujua yeye mwenyewe. Ukoo wake, ambao kwa Waluguru huhesabiwa upande wa mama na ndio uamuao nani alime wapi, unao wazee wa kuueleza. Mimi naandika nilichokiona kwa miaka mingi ya kupanda na kushuka kati ya ofisi ya mkoa na kijiji chake.

Nianze na sauti. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo, lakini sauti yake ilivuka bonde na kurudi na majibu. Mikutano ya kikundi aliiendesha akiwa na jembe mkononi katika shamba lake, wajumbe wakiwa kila mmoja katika ngazi yake ya shamba iliyochongwa mlimani, ng'ambo ya korongo. Hoja ilipigiwa kelele kutoka upande huu, ikapingwa kwa kelele kutoka upande ule, na palizi haikusimama. Siku ya kwanza nilipomwomba orodha ya waliohudhuria alinitazama kwa huruma, akaniambia niandike bonde zima. Niliandika hivyo. Mkubwa wangu wa kazi aliirudisha taarifa na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, nami niliirudisha kwake na neno moja: sahihi.

Hakujua kusoma, na sijapata kuona mtu aliyekuwa mgumu kudanganywa kwa karatasi kama yeye. Barua yoyote aliitaka isomwe mara tatu. Mara ya kwanza alisikiliza maneno. Mara ya pili alimtazama msomaji machoni. Mara ya tatu aligeuka akatazama nje, na hapo ndipo alipoamua. Bwana shamba mmoja aliyejaribu kuruka aya katika usomaji wa pili aliambiwa kwa upole arudi alipoangukia.

Sitamfanya malaika. Alihubiri shamba la pamoja kwa bidii iliyowafanya wavivu wajifiche akipita, na nyuma ya jiko lake palikuwa na tuta la njegere ambazo mbegu zake hakumgawia mtu. Nilimwuliza, kwa mujibu wa kazi yangu, jinsi anavyolinganisha mambo hayo mawili. Alinijibu kwamba mboga ni za ujamaa, lakini mbegu ni siri ya nyumba, na kama Serikali ina wasiwasi ije ilale jikoni ichunguze. Kanisani alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kunyamaza. Alichukia uchelewaji kama ugonjwa, na hakuwa na saa. Wakati wake aliupima kwa mlio wa lori la mboga likipanda kona ya chini, hivyo lori lilipoharibika kijiji kizima kilichelewa kwa siku mbili na yeye akailaumu ofisi yangu.

Sasa utani, maana pasipo utani hakuna kinachofuata kitakachoeleweka. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Babu zetu walibeba mizigo ya misafara wakipita chini ya milima ya Uluguru, wakataniana na Waluguru njia nzima mpaka utani ukawa undugu. Mtani anaweza kukunyang'anya kitu chako mbele za watu, na huna ruhusa ya kukasirika. Unakikomboa kwa kile atakachotaka. Ukifa, mtani huja msibani kukucheka. Atakutukana ukiwa umelala pale, huweza kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka akombolewe, na waliokuwa wakilia hujikuta wanacheka. Anayenuna ndiye mwenye aibu.

Kwa kuwa alinizidi umri, nilimwamkia shikamoo kila nilipofika. Naye kila mara, mbele ya makarani wangu, aliitikia, "Marahaba, mpagazi. Leo umebeba nini?" Mimi nilikuwa nimebeba jalada. Sikumjibu utani hata siku moja, kwa sababu nilikuwa kazini. Aliwaambia wenzake kwamba Serikali ilinikata ulimi ikaweka muhuri mahali pake, na kwamba siku nikifa atahangaika sana kupata la kunitukania.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Kutoka katika mashamba yale hadi barabarani lori linapopakia, njia ni ya miguu na ni mteremko mtupu. Wanawake waliteremka na matenga ya kabichi kichwani, wakitembea kwa ubavu, vidole vya miguu vikishika udongo kama makucha. Masika, njia iligeuka sabuni. Mwaka mmoja mwanamke mja mzito aliteleza na tenga lake. Yeye alipona, mtoto hakupona. Wiki iliyofuata Bibi Mwenyekiti alitembea hadi barabarani, akapanda lori juu ya karoti, akaja mjini, akaingia ofisini kwangu bila kuita hodi.

"Kabichi ikishuka mlimani," aliniuliza, "inashuka kwa miguu ya nani?"

Alisema anataka kamba ya chuma kutoka juu mpaka barabarani, na chombo cha kuishusha mboga, na hataondoka katika kiti kile mpaka niandike. Niliandika. Niliandika kwa miaka miwili, kila mahali ambapo posta ilifika.

Jibu lilitoka mahali ambapo sikumbuki kama niliandika. Wapakuzi wa bandari ya Bergen, watu waliokuwa na chama chao cha kusaidiana, walikuwa wanaondoa winchi za mkono katika maghala yao ya zamani na kuweka za umeme. Moja ilikuwa nzima kabisa, na waya wake wa chuma. Walikuwa tayari kuitoa kwa kijiji cha Tanzania, ila kwanza walitaka kuonana na watu wenyewe, wasije wakaituma ikaozee katika bohari. Waje watatu, waliandika, na mmoja wao awe mtu anayeubeba mzigo kwa kichwa chake. Mkuu wa Msafara, ambaye alikuwa ofisa wa ngazi ya juu na mwenye suti tatu, alipendekeza kwamba karani wake anaweza kufundishwa kubeba tenga ndani ya wiki moja. Nilisema hapana kwa maandishi.

Hivyo Bibi Mwenyekiti akapata pasi ya kusafiria, koti la sufu kutoka kwa masista wa misheni, na viatu vyeusi vya raba. Mkuu wa Msafara alimpa maelekezo uwanjani: atakaa, atatabasamu, atakabidhi zawadi ya tenga dogo lililosukwa, na hatasema neno. Aliuliza, kwa adabu kubwa, kama atabasamu na meno au bila meno.

Tulifika Bergen mwezi wa Juni, mvua ikinyesha. Mji umekaa kwenye ghuba ndogo, umezungukwa na milima iliyojaa ukungu, na nyumba zimepanda ubavuni mwa milima kama mbuzi. Bibi Mwenyekiti alisimama kwenye ngazi ya mwisho ya ndege, akavuta hewa, akazuia abiria wote waliokuwa nyuma yake. Kisha akatangaza kwamba hapa ni Mgeta, ila kuna mtu ameweka bahari mahali pa Morogoro.

Tangu hapo hakushikika. Mkalimani wetu alikuwa mama wa Kinorwe, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali moja ya bara kwetu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha Mkuu wa Msafara. Alitupeleka kwanza bandarini kuona yale maghala ya mbao yaliyosimama mstari mmoja yakiyatazama maji, mekundu na ya manjano, yamezeeka, yameegemeana mabega kama watu wanaotoka harusini. Katikati yake mnapita vichochoro vya mbao vinavyonuka lami na samaki wa kale. Alitueleza kwamba kwa mamia ya miaka waliishi humo wafanyabiashara wa Kijerumani waliokuwa wakinunua samaki wakavu kutoka kaskazini. Walikatazwa kuoa, na kwa kuogopa kuteketea walikatazwa kuwasha moto ndani ya maghala.

Bibi Mwenyekiti aliomba arudiwe. Bila mke? Bila mke. Na bila moto, katika baridi hii? Bila moto. Aliuliza ni watu wazima au watoto, akaambiwa wazima. Aliweka kiganja chake kwenye ukuta wa ghala na kuwapa pole kwa sauti ya msibani, baba mmoja baada ya mwingine, mpaka watalii wawili wakavua kofia.

Mchana tulipandishwa mlimani kwa behewa linalovutwa na waya. Unakaa kwenye benchi, kengele inalia, na mlima unateremka pembeni mwako wala hujainua unyayo. Bibi Mwenyekiti hakusema neno njia nzima, jambo lililonitia hofu. Kileleni wote walikwenda kutazama bahari. Yeye alikwenda nyuma ya jengo, mahali gurudumu linapozunguka, akasimama akiutazama waya ukiingia na kutoka. Aliuliza behewa linapanda mara ngapi kwa siku, na kama limewahi kumwangusha mwanamke. Kisha akajifuta uso akasema ni mvua. Mvua ilikuwa imekatika muda mrefu. Naliweka hilo katika kumbukumbu.

Alasiri tulipelekwa kwa mtu ambaye neno lake lingeamua. Alikuwa Msimamizi wa Maghala, mzee mrefu aliyeanza kazi bandarini angali kijana, na wapakuzi walikuwa wamekubaliana kwamba akisema ndiyo winchi itasafiri, na akisema hapana itauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alivaa kofia ya buluu yenye ukingo wa ngozi. Mkalimani alituonya kwa sauti ya chini kwamba kofia ile haivuliwi hata akitembelewa na mfalme.

Winchi yenyewe ilikuwa imewekwa kando, imepakwa grisi, ina mkono wa kuzungushia na mkono wa breki. Bibi Mwenyekiti aliitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe wa maziwa wa jirani. Msimamizi aliuliza tenga moja lina uzito gani. Mkuu wa Msafara akaanza kueleza sera. Bibi Mwenyekiti akapiga chafya mara tatu mfululizo, kwa sauti niliyokwisha kuieleza. Msimamizi akamtazama kutoka juu, akasema jambo fupi, na wapakuzi wakatazama viatu vyao.

Mkalimani alisita. Mkuu wa Msafara akadai atafsiriwe.

"Anasema mji huu ni mwamba mtupu," alisema mkalimani, "na mama akifia hapa hatutapata pa kumchimbia. Itabidi akaushwe, atundikwe pamoja na samaki."

Mkuu wa Msafara alinigeukia na kuniagiza niandike kwamba taifa limetukanwa. Nilikuwa nimeshatoa kalamu. Lakini Bibi Mwenyekiti alikuwa amemshika mkalimani mkono, uso umemwangaza kama taa ya karabai.

"Kasema nitundikwe na samaki?"

"Ni mzaha tu, mama. Usimjali."

"Anafanyia mzaha kifo changu? Hanijui, sijamkosea, na anafanyia mzaha kifo changu?" Alitugeukia sisi wawili kwa lawama. "Huyu ni ndugu. Mbona hamkuniambia kwamba huku tuna watani?"

Palikuwa na gogo fupi la chuma la kufungia meli. Alilipanda, akanyoosha mkono, akamvua mzee ile kofia, akaivaa juu ya kitambaa chake cha kichwani. Ilimfika kwenye nyusi.

"Mwambie akiitaka aikomboe," alisema. "Sitaki samaki. Nataka winchi."

Kichwa cha Msimamizi kilikuwa hakina unywele, cheupe, na mvua ilianza kukipiga. Alijigusa utosi, akatutazama mmoja mmoja, akaingia ghalani na kufunga mlango. Mkalimani alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilidhani analia.

Katika nyumba ya wageni Mkuu wa Msafara aliniandikisha barua ya kuomba radhi, akamwamuru Bibi Mwenyekiti airudishe kofia mara moja. Alikataa. Alieleza, polepole kama anayemweleza mgeni, kwamba kofia ya mtani hairudishwi, inakombolewa. Akiirudisha bure atakuwa amemwambia yule mzee kwamba si mtani wake, na hilo ndilo tusi. Mkuu wa Msafara alimwambia kuwa ameipoteza winchi, na akirudi nyumbani ataupoteza na uenyekiti. Akatoka akaubamiza mlango.

Bibi Mwenyekiti alikaa dirishani, kofia magotini, akiunyoosha ukingo wake kwa kidole gumba.

"Mpagazi," aliniuliza bila kugeuka, "nimeiangusha?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza ninavyoona. Nilimjibu kwamba suala bado linashughulikiwa. Ndivyo nilivyojibu, Mungu anisamehe, na siwezi kubadilisha.

Asubuhi viatu vyake havikuwapo. Alikuwa ameviacha vikiwa vimelowa kwenye ngazi, nje ya mlango, na tulipoamka hapakuwa na kitu ila alama mbili za maji. Mkuu wa Msafara alisema sasa ni wizi, ataita polisi. Alikuwa ameshafika kwenye simu tuliposikia vicheko vya watu wengi barabarani.

Nilifungua dirisha. Chini walisimama wapakuzi waliojaza barabara, na mbele yao Msimamizi wa Maghala, kichwa wazi kwenye mvua, viatu vya raba vya Bibi Mwenyekiti vikiwa vimefungwa kwa kamba na kuning'inia shingoni mwake kama nishani. Mkalimani alikuwa kando yake, ameegemea ukuta kwa kucheka. Katika hospitali aliyofanya kazi alikuwa amewaona watani msibani mara nyingi, na jioni ile alikwenda nyumbani kwa mzee yule akamweleza kila kitu.

Mzee alipaza sauti, na mkalimani akapokea.

"Anasema ghala lake lina samaki wa miaka mia saba, lakini halijawahi kunuka kama viatu hivi. Na ukivitaka, uvikomboe."

Bibi Mwenyekiti alinisukuma akatoa kichwa nje, kofia ikiwa kichwani. Majadiliano yalifanyika kati ya dirisha na barabara, katika mvua, na majirani walifungua madirisha yao wakaegemea kusikiliza. Ni mkutano pekee wa ng'ambo ambao aliuendesha kwa utaratibu wake aliouzoea. Ilikubaliwa kwanza kwamba kofia ni kwa winchi. Akafurahi mapema mno, kwani mzee aliinua kidole: hayo yameisha, viatu bado. Kwa viatu alitaka jambo moja. Ateremke pekupeku, abebe mzigo wa samaki wakavu kichwani, mzito kama tenga la kabichi, aubebe kama anavyobeba kwao, wapakuzi waone.

Alishuka. Walimjazia samaki kama kuni, wakaufunga mzigo, watu wawili wakamtwika. Nyuma ya maghala kuna njia ya mawe inayopanda mlimani, ina ngazi, nayo inateleza. Aliipanda, akageuka, akashuka kwa ubavu, mikono ikining'inia, vidole vya miguu vikitafuta mawe kimoja baada ya kingine. Kicheko kilipungua hatua kwa hatua. Alipofika chini watu wale, ambao kazi yao maisha yao yote ilikuwa ni mizigo, walikuwa wamesimama wima kama wako kanisani. Mpakuzi mmoja aliuinua mzigo ule peke yake na kuushusha upesi. Msimamizi aliuliza njia ya Mgeta ni ndefu mara ngapi ya hii. Aliambiwa. Aliuliza wanashuka mara ngapi kwa wiki. Aliambiwa. Alipiga goti kwenye mawe, akamvalisha viatu mwenyewe, mguu wa kwanza, mguu wa pili, na Bibi Mwenyekiti akatumia nafasi hiyo kumvisha mzee kofia yake na kumkandamizia mpaka masikioni. Hapo ndipo kelele ziliposikika mpaka ng'ambo ya ghuba.

Mkuu wa Msafara alisimama na hotuba wakati wa chakula cha mchana. Ukurasa wa pili ulipokwisha wapakuzi walidhani amemaliza, wakaanza kuimba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Tuliporudi Mkuu wa Msafara aliandika taarifa akipendekeza Bibi Mwenyekiti aondolewe kwa kumpokonya mwenyeji mali yake. Nilikataa kuitia saini, nikaambatanisha maelezo yangu. Kijiji kiliitishwa kupiga kura. Bonde zima lilihudhuria, na jibu lilisikika mpaka misheni. Winchi ilifika na sanduku lake kwa meli, kisha kwa lori, na kutoka barabarani hadi juu ilibebwa mabegani. Waya ulipofungwa na sanduku la mbao kutundikwa juu yake, tenga la kwanza la kabichi lilishuka kwa muda wa Salamu Maria tatu. Yule mwanamke aliyeanguka ndiye aliyepewa mkono wa breki.

Nilionana na Bibi Mwenyekiti kikazi kwa mara ya mwisho miaka kadhaa baadaye, katika ule mwaka ambao sabuni ilikuwa haipatikani. Ofisini kwangu liliingia agizo kwamba winchi ing'olewe, ipelekwe katika shamba moja kubwa la umma. Shamba lile liko uwandani, tambarare kama meza. Niliandika kuuliza winchi itashusha nini kutoka wapi. Nilijibiwa kwa neno moja: tekeleza. Katika mfuko huohuo wa barua palikuwa na bahasha kutoka Bergen, jina la Bibi Mwenyekiti limeandikwa na mkalimani.

Nilipanda asubuhi na mafundi wawili wenye spana. Ukungu ulikuwa umefunika njia yote. Alikuwa ameketi karibu na winchi juu ya tenga lililopinduliwa, mgongo umepinda, macho yaleyale. Nilimwamkia, akaniuliza nimebeba nini. Nilisema karatasi mbili.

"Anza na isiyo na muhuri."

Nilisoma. Msimamizi wa Maghala alikuwa amefariki kitandani kwake, na licha ya ule mwamba mtupu pa kumzika palipatikana. Nilisoma mara ya pili, akanitazama machoni. Mara ya tatu alitazama bondeni. Kisha akainuka, akaziba sikio moja kwa kiganja, akautangazia mlima kwamba mtani amekufa.

Waliitika kutoka kila ngazi. Walikuja na majembe, wakikumbushana yule mzee waliyemjua kwa hadithi tu, na yeye alikuwa ameshaanza kumtukana. Alisema marehemu alikuwa na kichwa kama yai la bata. Alisema samaki walimhama kwa harufu. Alisema aliitoa winchi kwa uvivu wa kuipaka mafuta, na kwamba huko aliko sasa ameshaanza kuwauliza malaika uzito wa mizigo yao. Wanawake walicheka huku wakijifuta macho kwa pembe za khanga. Katikati ya kicheko hicho alipanda katika lile sanduku la mbao linaloning'inia kwenye waya, akakaa, akakunja mikono.

"Sasa soma ya pili."

Niliisoma. Mwanamke wa breki aliutazama mkono wa breki. Mafundi walizitazama spana zao. Aliniagiza nirudie, nikarudia, na katika usomaji wa tatu hakutazama bondeni, alinitazama mimi.

"Mpagazi," alisema, "mimi niko kaburini kwa mtani wangu. Ukitaka nitoke, nikomboe."

"Kwa kitu gani, bibi?"

"Unayo mkononi."

Ilikuwa nakala halisi, yenye muhuri na saini. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kuachana na nakala halisi. Nilimpa. Aliikunja mara nne, akaitia kifuani, akaipigapiga.

Fundi mmoja aliniuliza waseme nini ofisini. Nilikaa juu ya tenga, nikafungua jalada, nikaandika kwa wino: Mtambo haukuhamishwa. Sababu, msiba. Agizo limechukuliwa na mtani wa marehemu kwa mujibu wa mila, na halidaiki. Nikatia saini na tarehe. Hakuna aliyewahi kuuliza, na maandishi yale yamo jaladani hadi leo kwa yeyote anayetaka kuandika kijitabu.

Nilimwambia nimeshamkomboa, atoke. Hakutoka. Alisema ameishusha kabichi mlima ule maisha yake yote, na hakuna kabichi hata moja iliyomrudia kumweleza kunakuwaje. Kanuni ya nne ya matumizi ya winchi, niliyoitunga mimi, inakataza binadamu kupanda katika sanduku. Mwanamke wa breki alinitazama akisubiri neno la Serikali. Nilimwomba anipishe, nikaushika mkono wa breki mwenyewe, nikauachia taratibu. Ukungu ulimmeza kabla ya ngazi ya pili. Hatukumwona tena; tulimsikia tu, akimtukana marehemu kwa sauti yake yote mpaka barabarani, na kila shamba alilolipita likaangua kicheko.